Swali Lisilotamkwa: Kutongozana Uwanjani mwa Dansi

Kutongozana ukumbini huanza kabla ya mtu yeyote kuinuka kitini. Katika Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron, mjini Juba, jioni ya hafla viti vya plastiki huzungushiwa meza, na mbele ya jukwaa huachwa uwanja mtupu. Kwa muda mrefu hakuna anayeukanyaga. Wanaume wamekaa kwa makundi, wasichana wamekaa na dada na binamu zao, spika zinajaribiwa, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Mpita njia atasema dansi bado. Lakini kijana aliyekaa meza ya tatu ameshajua nani amekuja na nani, ni goti la nani linalotikisika chini ya meza kila besi inapopigwa, na ni msichana yupi aliyegeuza shingo mara mbili upande wake. Msichana naye ameshaona kwamba ameonwa. Kutupa jicho, kurembua, kukonyeza, kuangalia pembeni kwa makusudi: Kiswahili kinayatenga matendo haya moja moja kwa sababu kila moja hubeba ujumbe wake.

Nyakuron ni mtaa na ni ukumbi. Kituo chenyewe kilijengwa katika miaka ya 1970, baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 kusimamisha vita vya kwanza vya Sudan na kuipa Kusini serikali yake ya jimbo yenye makao Juba. Watu waliokimbilia Uganda na Kongo walirudi, na kati ya mizigo yao kulikuwa na magitaa, sahani za santuri na Lingala ya kuimbia. Lugha hiyo haikuwa ngeni kabisa, kwani upande wa Yei na Maridi ilisikika tangu zamani. Bendi za Juba za wakati huo, Skylarks na Rejaf Jazz, zilipiga muziki uliotega sikio kusini, Kampala na Nairobi, kuliko kaskazini, Khartoum. Vita vya pili vilianza mwaka 1983 na usiku wa Juba ukafifia. Mkataba wa amani wa 2005, uhuru wa Julai 2011, kisha nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 vilileta wimbi jipya: vijana waliokulia kambini Kakuma, Nairobi na Kampala, wafanyabiashara wa Kongo na Uganda, wapishi, mafundi, madereva. Kwa hiyo uwanjani pale Nyakuron hukutana watu waliofundishwa kucheza, na kutongoza, kwa njia zisizofanana hata kidogo.

Wote hao wana shida moja. Kumwambia mtu kwa mdomo kwamba unampenda kuna gharama. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno la mapenzi likikataliwa mbele ya watu humwacha msemaji uchi. Dansi hutoa mlango wa pembeni. Anayemwomba mwenzake wacheze hajaomba moyo wake, ingawa wote wawili wanajua kwamba huenda ndicho kinachoombwa. Akikubaliwa, amepata dakika tano za kuendelea kuuliza kwa mkono, kwa bega na kwa mwendo. Akikataliwa, kilichokataliwa ni wimbo, na nyimbo ziko nyingi. Hapo ndipo ilipo thamani ya uwanja wa dansi: swali huulizwa kwa namna ambayo jibu lolote halimvunji mtu. Kila jamii iliyojenga dansi la watu wazima imelitunza jambo hili kwa kanuni, na kanuni zikilegea, hadhi ya mtu hupotea haraka.

Kwa wazee wa Sudan Kusini, mahali pa kuuliza swali hilo hapakuwa ukumbi wenye paa. Miongoni mwa Wadinka, kijana hucheza akirukaruka huku mikono ameinua juu kwa umbo la pembe za fahali wake. Francis Mading Deng, aliyekusanya nyimbo za watu wake katika kitabu cha mwaka 1973, anaeleza jinsi kijana anavyomwimba fahali wake, rangi yake na pembe zake, na kwa kumsifu ng'ombe akawa amejieleza yeye mwenyewe na nyumba yao. Msichana anayemkabili huruka kwa mdundo uleule. Hakuna kugusana. Umbali kati yao hauondoi mvuto, bali huukaza, kwa maana kila mmoja anamwona mwenzake mzima, kuanzia unyayo hadi kichwa, akihema na kutoka jasho, akiwa katika nguvu zake zote. Mahari ni ng'ombe, na kijana anacheza kwa umbo la ng'ombe. Hakuna asiyeelewa.

Kwa Wanuer, mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi nao katika miaka ya 1930, aliona kwamba ngoma za harusi ndizo zilizowakutanisha vijana wa vijiji mbalimbali. Hilo lilikuwa na sababu ya msingi. Mnuer haruhusiwi kumchumbia msichana wa ukoo wake, na kijijini kwake wengi ni ndugu, kwa hiyo ilimpasa aende ngomani mbali, na swali lake la kwanza kwa msichana likawa la nasaba kabla ya kuwa la mapenzi. Jambo hili halijafutika Juba. Kijana na msichana waliocheza nyimbo mbili Nyakuron wakirudi mezani huulizana kwao ni wapi na babu ni nani. Mgeni anaweza kudhani mazungumzo yamepoa, kumbe ndipo yanapopamba moto, kwani asiyekuwa na nia haulizi ukoo.

Huyohuyo Evans-Pritchard aliandika mwaka 1928 makala juu ya ngoma ya pombe ya Wazande, gbere buda, na humo akasema jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakuliona: ngoma ina mpangilio, ina viongozi wa wimbo, ina watu wenye kazi zao, na mvuto wa mwili una nafasi iliyotengwa ndani ya mpangilio huo. Vijana hujionyesha, huchagua na kuchaguliwa, lakini kwa staha, kwa sababu wakubwa wapo na ugomvi hauko mbali.

Kisha kuna Waacholi, ambao mpaka wa Uganda na Sudan Kusini unawapitia katikati. Ngoma yao ya vijana, larakaraka, huchezwa kwa vibuyu vilivyokatwa nusu na kukwaruzwa kwa vyuma vyembamba, sauti yake kama mvua juu ya bati. Ni ngoma ya kutafuta mchumba, waziwazi. Okot p'Bitek, mwana wa Gulu, aliifanya tofauti kati ya ngoma hiyo na dansi la kizungu kuwa moja ya ugomvi mkubwa wa shairi lake la mwaka 1966, ambalo wasomaji wa Kiswahili walilipata katika tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino. Lawino, msemaji wa shairi hilo, hachukizwi na mapenzi, maana anaisifia ngoma ya kwao kwa sababu inaonyesha uzuri wa mwili. Kinachomuudhi ni watu kubanana gizani, ndani ya nyumba, mwanamume akimkumbatia mke wa mwenzake, wala asijulikane nani wa nani. Kwake yeye ngoma halali huchezwa mahali penye nafasi, kila mtu akiona. Hoja yake ina uzito kuliko inavyopewa kwa kawaida. Macho ya jamaa ni ulinzi. Kijana anayecheza mbele ya shangazi wa msichana hawezi kumfanyia msichana huyo jambo ambalo yeye hakulikubali.

Kutoka kaskazini Juba ilipata desturi nyingine, ndogo lakini nzuri sana kuitazama. Katika harusi za Sudan ya Waarabu, msichana hucheza kifua mbele, shingo ameipinda nyuma na macho ameyafumba nusu, mwendo unaolinganishwa na wa njiwa. Mwanamume humwendea akiwa ameinua mkono na kualisha vidole juu ya kichwa chake. Akimpendeza, msichana huzitupa nywele zake zikampapasa begani. Huitwa shabbal. Mguso wenyewe hauchukui hata sekunde moja, na mwanamume anarudi alikotoka amejaa furaha. Nywele zimemgusa, mkono haukumgusa, na hakuna mzee anayeweza kulalamika.

Dansi la kushikana liliingia Afrika Mashariki na ya Kati kwa njia tofauti, na rumba ya Kongo ndiyo iliyolipa roho. Kuanzia mwaka 1933, kampuni ya santuri ya Waingereza ilianza kuuza Afrika sahani za muziki wa Kuba zilizojulikana kwa herufi GV. Wakongo waliozisikia Matadi na Kinshasa walitambua ndani yake kitu chao, kwa kuwa Wakuba wengi ni wajukuu wa watu waliochukuliwa kutoka Kongo. Wendo Kolosoy alitoa Marie-Louise mwaka 1948. Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz mwaka 1953, na Franco na wenzake OK Jazz mwaka 1956. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Asili ya jina, kwa maelezo yanayotolewa na wenyewe, ni neno la Kikongo nkumba, kitovu, kwa sababu katika dansi hilo la kale mwanamume na mwanamke hukutanisha vitovu.

Anayetaka kuelewa kutongozana kwa rumba lazima ausikilize wimbo wenyewe ulivyogawanyika. Sehemu ya kwanza ni ya maneno. Mwimbaji analalamika, anabembeleza, anamtaja mpenzi kwa jina, na gitaa linamfuata polepole. Ni wakati wa kushikana. Sehemu ya pili ni sebene: maneno yanakoma au yanabaki kelele za kuchochea, gitaa la solo linarudiarudia tungo fupi, ngoma zinapanda, na wachezaji wanaachana mikono na kukata viuno, kila mmoja kwa ufundi wake. Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa mwishoni mwa 1969, ilikuza sehemu hii ya pili, na mpigangoma wake Meridjo Belobi akaleta mdundo wa kavasha ambao hadi leo unawainua watu vitini. Baadaye zikaja kwasa kwasa na, mwishoni mwa miaka ya 1990, ndombolo. Mgawanyo huu si wa muziki tu. Wimbo mmoja unawapa wawili kwanza ukaribu usio na haraka, ambapo wanaweza kuzungumza sikioni, halafu unawatenganisha ili kila mmoja aonekane. Aliyeahidi kwa mdomo anatakiwa sasa aonyeshe kwa mwili. Na aliyejuta kukubali anapata nafasi ya kusogea hatua mbili nyuma bila kumuudhi mtu, kwa sababu sebene limeingia.

Ombi lenyewe la kucheza linafaa litazamwe kwa karibu. Kijana anasimama mbele ya meza, anainama kidogo, anatoa mkono kiganja kikiwa juu. Akiwa na adabu atawasalimu kwanza wote waliokaa pale, na kumwita yule mkubwa dada. Msichana hajibu papo hapo. Anaangalia wenzake, anacheka, anashika glasi. Ishara ya kukubali haipo usoni, ipo mkononi: anachukua mkoba wake na kumkabidhi mwenzake. Mkoba ukishakabidhiwa, jambo limekwisha. Uwanjani mkono wa kulia wa kijana unakaa mgongoni, juu ya kiuno, na mkono wa kushoto wa msichana unakaa begani kwa kijana. Hapo kiwiko cha msichana ndicho mlango. Kikiwa kimekaza, vifua haviwezi kukutana hata kijana avute vipi, na mchezaji mzuri haivuti milango. Kikilegea kidogo kidogo, wimbo baada ya wimbo, msichana amesema jambo bila kufungua kinywa. Kwa wanaokaa mezani hakuna kilichobadilika. Ni hao wawili tu wanaojua kwamba nafasi ya viganja viwili imekuwa ya kimoja.

Kitovu kile cha Kikongo kilivuka bahari. Kati ya karne ya 16 na ya 19 Waafrika karibu milioni 5 waliteremshwa Brazili kwa nguvu, sehemu kubwa yao kutoka Kongo na Angola, na wengine kutoka pwani ya Msumbiji, Wamakua wakiwemo. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1888 tu. Katika jimbo la Bahia, pembezoni mwa Ghuba ya Watakatifu Wote, wajukuu zao wanacheza mpaka leo samba de roda, samba ya duara, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Watu hujipanga duara, wakapiga makofi na kuitikia wimbo. Mmoja, mara nyingi mwanamke, huingia katikati na kucheza kwa hatua ndogondogo mno, nyayo karibu haziachi ardhi, huku nyonga zikizunguka. Akitosheka, humwendea mtu katika duara na kumpiga kumbo la kitovu, umbigada. Aliyeguswa ndiye anayeingia. Wataalamu wengi huliunganisha jina samba lenyewe na neno semba la Kimbundu cha Angola, lenye maana hiyohiyo ya kugusana vitovu.

Tofauti na Nyakuron ni kubwa na inafundisha. Katika duara la Bahia mwanamke aliye katikati ndiye anayechagua, na anachagua mbele ya kijiji kizima, kwa mguso ambao popote pengine ungeitwa utovu wa adabu. Lakini kuchagua huko hakumfungi yeyote. Aliyechaguliwa anacheza, naye anachagua mwingine, na mvuto unazunguka kama kata ya maji. Shabbal ya Sudan na umbigada ya Bahia hazina ukoo mmoja, wala hazikuwahi kukutana, lakini zimetatua jambo moja kwa namna moja: mguso mfupi, wa wazi, unaotolewa na mwanamke, na unaokwisha pale pale.

Samba ilipohamia Rio de Janeiro na kuingia kwenye santuri, Pelo Telefone ya Donga ikiandikishwa mwaka 1916, duara lilianza kuvunjika na jozi zikachukua nafasi. Hata kabla ya hapo maxixe, dansi la kushikana la mji huo, lilikuwa limeshawakasirisha wenye heshima zao kwa jinsi miili ilivyokaribiana. Katika kumbi za watu wa kawaida zilizoitwa gafieira, wenyeji waliweka masharti ya mavazi na mwenendo, na mtunzi Billy Blanco aliyafanya masharti hayo kuwa samba katika miaka ya 1950. Inafaa hilo likumbukwe na kila anayedhani dansi la maskini halina sheria. Kaskazini-mashariki ya nchi, Luiz Gonzaga na kinanda chake cha mkono alisambaza baião kuanzia miaka ya 1940, na kutokana na baião, xote na nyinginezo likakua dansi la forró, ambalo jozi hulicheza kifua kwa kifua, hatua mbili huku na mbili huku. Katika sherehe za Mtakatifu Yohana mwezi Juni bibi wa miaka sabini hucheza hivyo na kijana wa ishirini, wala hakuna anayenong'ona. Ukaribu wa forró ni lugha ya wote. Mtongozaji anaitumia, na asiyetongoza pia anaitumia, na kwa hiyo mtongozaji hajitokezi.

Halafu lambada. Ilizaliwa jimboni Pará, karibu na mdomo wa mto Amazon, katika miaka ya 1970, mapaja ya wachezaji yakiwa yamepishana na sketi fupi ikipepea. Mwaka 1989 kundi la Kaoma, lililoundwa Ufaransa na kuongozwa kwa sauti ya Loalwa Braz, liliutoa wimbo ulioenea dunia nzima, kumbi za Afrika Mashariki zikiwemo, ingawa tuni yake ilikuwa ya Los Kjarkas wa Bolivia, ambao walilazimika kudai haki yao. Waliocheza lambada Nairobi au Dar es Salaam hawakuelewa neno lolote la Kireno. Nyonga walizielewa mara moja, na kwa sababu nzuri: mwendo ule ulikuwa umetoka bara hili.

Upwani mwa Waswahili, kiuno kilikuwa na shule yake. Chakacha ya Lamu na Mombasa na unyago wa Zanzibar, ambao Bi Kidude aliupigia ngoma hadi uzeeni, huwafundisha wanawake kuzungusha nyonga mbele ya wanawake wenzao, faraghani. Katika taarabu ya hadhara, kwa upande mwingine, mwili hutulia na ujumbe huhamia kwenye kutunza. Mwanamke huinuka akiwa na noti mkononi, hutembea kwa madaha hadi kwa mwimbaji, na njiani akageuka kidogo upande wa mtu fulani wakati ubeti fulani unaimbwa. Aliyelengwa anajua. Akiulizwa, mtunzaji atasema alipenda sauti tu. Wakongo nao wana libanga, ambapo mtu humlipa mwimbaji ili jina litajwe ndani ya wimbo. Aghalabu jina ni la tajiri mwenyewe, lakini pia huwa la mwanamke anayebembelezwa, na kutajwa kwake kupitia spika humfikia kwa nguvu ambayo sauti ya kijana pekee haingekuwa nayo. Libanga, kwa kweli, ina kasoro yake. Swali limetamkwa kwa watu mia tatu, na msichana asiyelitaka hana tena pa kupitia.

Kukataa kuna ufundi kama kuomba. Miguu inauma, wimbo huu siujui, namsubiri kaka yangu. Kila aliyekulia ukumbini anajua kwamba sababu hizi hazichunguzwi. Anayejibu kwamba miguu haionekani kuumia amevunja mkataba wa uwanja mzima, kwani amemlazimisha msichana aseme kwa maneno kile ambacho adabu ilikuwa imemruhusu akifiche. Kwa hiyo kijana aliyefunzwa husema haya, hutabasamu, na huomba mtu mwingine, lakini si katika meza ileile. Kumwomba rafiki wa aliyekataa papo hapo ni kumwambia huyo wa pili kwamba yeye ni chaguo la akiba, na meza nzima itakataa. Msichana naye aliyemkataa mmoja kwa kisingizio cha miguu inampasa akae mpaka wimbo uishe. Akiinuka na mwingine kabla ya hapo, kisingizio kimegeuka tusi, na ugomvi wa wanaume mara nyingi huanzia hapo.

Juba ina hatari zake ambazo dansi haliwezi kuzizima. Mwanamke anayecheza hadharani hutazamwa na dola na ukoo pia. Oktoba 2008 wasichana walikamatwa mjini kwa kuvaa suruali za kubana, na serikali ya Kusini ikalazimika kulisimamisha jambo hilo baada ya malalamiko. Ukoo una hesabu yake: mwanamume akimpa msichana mimba kabla ya ndoa, familia ya msichana hudai kasurubeit, faini ya kuvunja nyumba, ndipo mahari yazungumzwe, ikiwa yatazungumzwa. Kaka wa msichana aliyekaa meza ya pembeni hakuja kucheza tu, na kila kijana anayemsogelea dada yake anapimwa kwa macho hayo. Wanawake waliokuja mjini kutafuta riziki bila kaka wala shangazi hawana ulinzi huo, na ni hao ambao mlevi huwafikia kwanza. Ukumbi wenye mlinzi makini, taa za kutosha na mwenye mahali anayewajua wateja wake huwafaa kuliko wimbo wowote mzuri.

Vita vilipolipuka tena Desemba 2013 kafyu ilitangazwa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mji wenye joto kama Juba huanza kuchangamka saa hiyohiyo, kwa hiyo amri ile ilifuta dansi la usiku kwa pigo moja, na mapigano ya Julai 2016 yakaleta tena hofu ileile. Kilichobaki, na kilichorudi kwanza, ni harusi. Katika hafla ya harusi pale Nyakuron mambo yote yaliyoelezwa hapa hukutana katika jioni moja. Wazee wa ukoo huingia kwanza kwa ngoma yao, wakiruka na kuimba, kina mama wakipiga vigelegele. Maharusi huingia kwa hatua za polepole, wasimamizi wao wakiwa wamepangwa jozi jozi nyuma, na jozi hizo, ambazo zimefanya mazoezi pamoja, aghalabu ndizo zinazosikika zimechumbiana baadaye. Kisha mpiga muziki huweka rumba ya zamani, wakubwa wakainuka na wake zao. Vijana wanasubiri sebene. Wakati mwingine jenereta huzimika katikati. Giza linaingia ghafla, watu wanapiga yowe na kucheka, simu zinawashwa kumulika, na jozi zilizokuwa uwanjani husimama zilipo, mikono ikiwa bado mahali pake, zikingoja. Mkono ulioachwa begani wakati hakuna tena muziki wa kuutetea umeshajibu. Jenereta ikiwaka, wimbo huanza upya tangu mwanzo.